Kanuni za Usanifu Zimo Katika Vyumba Tunamoishi

Mtu anayeanza kujifunza usanifu hukutana mapema na maneno yanayojirudia katika kila somo: mizani, uwiano, mkazo, mdundo, ukinzani, umoja. Mara nyingi maneno hayo hufafanuliwa kwa michoro ya miraba na duara, na mwanafunzi huyakariri bila kuona yanahusiana vipi na mahali anapolala au anapokula. Ugumu huo hautokani na uzito wa kanuni zenyewe, bali na kutenganishwa kwake na mahitaji yaliyozizaa. Nyingi kati yake zilianza kama majibu kwa mambo ya lazima: urefu wa mti unaoweza kubeba dari bila kupinda, joto la mchana, kodi ya chumba, haja ya kuwasitiri watu wa ndani mgeni anapobisha hodi. Anayetaka kuzielewa hana budi kusimama katika chumba na kuuliza ni lazima ipi iliyokipa umbo lake. Nyumba za kwetu zinajibu swali hilo kwa ufasaha mkubwa, kuanzia nyumba ya vyumba sita ya Dar es Salaam na nyumba ya mawe ya Lamu, hadi sebule ya matofali ya saruji ambayo wengi wetu tumeketi humo sasa.

Tuanze na mizani, kwa kuwa ndiyo inayoonekana haraka. Ile inayoitwa nyumba ya Kiswahili, iliyojengwa kwa wingi Kariakoo, Magomeni na Buguruni, na ambayo ndugu zake wako Ng'ambo ya Unguja na Majengo ya Nairobi, ina mpango ambao mtoto anaweza kuuchora kwa fimbo ardhini: korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko na choo. Pande mbili za korido zinalingana kabisa. Mtu anaweza kudhani fundi alipenda ulinganifu kwa sababu unavutia macho, lakini sababu zilikuwa nzito zaidi. Paa lenye mgongo katikati hukaa vizuri juu ya kuta zinazolingana umbali kutoka mgongoni, na vyumba vilivyo sawa huweza kupangishwa kwa kodi iliyo sawa bila ugomvi kati ya wapangaji. Uzuri ulikuja pamoja na hayo. Korido yenyewe, inayonyooka kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa uani, inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inapitisha upepo, na inalipatia jicho la anayeingia njia ya kufuata hadi kwenye mwanga wa ua. Wasanifu huita mstari wa namna hiyo mhimili, na thamani yake ni kwamba mtu anayeingia kwa mara ya kwanza hajiulizi aelekee wapi.

Hata hivyo, ulinganifu ni aina moja tu ya mizani, na si aina inayofaa kila mahali. Ukiingia ndani ya chumba kimoja cha nyumba hiyohiyo, utaona familia nzima imeweka maisha yake humo: kitanda upande mmoja, kabati la nguo limesimama kando ya ukuta, meza ndogo yenye vyombo, ndoo ya maji karibu na mlango. Hakuna kitu kilicho na pacha wake upande wa pili, na bado chumba kinaweza kutulia au kuelemea upande mmoja. Kinachoamua ni uzito wa vitu machoni, ambao si sawa na uzito wa kilo. Kitu kikubwa, kirefu au cheusi huonekana kizito kuliko kidogo, kifupi au cheupe, na kitu kilichobanwa pembeni huvuta jicho kwa nguvu zaidi kuliko kilichoko katikati. Kwa hiyo, kochi la watu watatu lililowekwa upande mmoja wa sebule huweza kusawazishwa na viti viwili vya mtu mmoja na meza yenye taa upande wa pili, ilhali kabati refu na friji vikisimama bega kwa bega katika kona moja huifanya kona hiyo ionekane kana kwamba inauzamisha upande mzima. Kuhamisha kimoja kati ya hivyo viwili hakugharimu chochote, na mara nyingi ndilo jambo lenye faida kuliko yote katika chumba kidogo.

Kwenye uwiano, mwalimu bora ninayemjua ni nyumba ya mawe ya Lamu, mji wa kale uliotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, na wageni wengi hudhani wembamba huo ni mtindo tu. Si mtindo. Dari la nyumba ya Lamu hubebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti hizo hupangwa mawe ya matumbawe na kumiminwa chokaa, mzigo ambao ni mzito sana. Mkoko ni mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, lakini boriti iliyonyooka na nene ya kutosha kubeba mzigo huo haivuki nafasi kubwa: upana wa chumba huishia karibu mita 2.5 hadi 3. Kwa kuwa upana umefungwa, fundi alibakiwa na vipimo viwili vya kuchezea, yaani urefu na kimo, na vyote viwili alivitumia. Alirefusha chumba kadiri alivyotaka, na akainua dari ili hewa ya moto ipande juu na kuwaacha watu chini katika ubaridi. Ndiyo maana chumba cha upana wa mita tatu tu hakimbani anayeketi ndani yake.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba vyumba vyote vya nyumba moja vina upana unaokaribiana, kwa sababu vyote vilipimwa na mti uleule. Kipimo kimoja kinaporudi chumba baada ya chumba, nyumba hupata uwiano bila mtu kukokotoa lolote. Boriti hizohizo zilisafiri kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba, ambako miti mikubwa ni adimu, na katika nyumba za zamani za huko pia upana wa vyumba ulifuata urefu wa mti uliotoka pwani yetu. Biashara ya mikoko ilikuwa na majina yake ya unene, kuanzia fito na pau hadi mazio, boriti na nguzo, na kila jina lilikuwa na kazi yake katika jengo. Mjenzi aliyeagiza boriti alikuwa amekwisha kuagiza upana wa chumba.

Leo zege lenye nondo limetuondolea kizuizi hicho, nami nalihesabu kuwa jambo jema. Hakuna anayepaswa kulazimika kuishi katika chumba chembamba. Lakini kizuizi kilipoondoka, kiliondoka na nidhamu yake, na hapo ndipo makosa mengi ya uwiano yalipozaliwa. Tunajenga sebule ya futi 20 kwa 18 na kuifunika kwa dari la chini lileile la chumba cha kulala cha futi 10 kwa 10, kisha tunashangaa kwa nini sebule hiyo inaonekana kama imekanyagwa. Upana wa chumba unapokua, kimo nacho hutakiwa kukua, la sivyo chumba hupoteza uwiano hata kama kila kipimo kikitazamwa peke yake ni cha kutosha. Dawa yake katika nyumba iliyokwisha kujengwa si kubomoa. Mapazia yanayoanzia karibu na dari badala ya juu tu ya dirisha, samani za kimo cha chini, na dari lililopakwa rangi nyepesi kuliko kuta, vyote hulifanya jicho lihisi kimo ambacho tepu haikukipima.

Pamoja na uwiano wa chumba kuna uwiano kati ya vitu na mwili wa mtu, na huu wazee waliujua kwa jina la kila kiungo: shubiri, dhiraa, pima. Dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, inakaribia sentimita 45, na hicho ndicho kimo cha kawaida cha kiti hadi leo. Meza ya kulia chakula huwa na kimo cha sentimita 75 hivi, na meza ya jikoni ya kufanyia kazi mtu akiwa amesimama huwa na sentimita 90. Vipimo hivi vimetoka katika magoti, viuno na viwiko vya watu. Ukipanda ngazi ambayo kidato kimoja kimezidi vingine kwa sentimita chache, mguu hugundua kabla ya jicho, na ugunduzi huo unaweza kumwangusha mtu mzima.

Tukirudi Lamu, kuna kanuni nyingine ambayo naiona ndiyo kubwa kuliko zote na ambayo vitabu vya mapambo huipa nafasi ndogo mno: mpangilio wa kutoka hadharani kuelekea sitarani. Anayetoka njiani hufika kwanza kwenye daka, ukumbi mdogo wa nje wenye mabaraza ya mawe pande zote mbili, ambapo mwenye nyumba huweza kuketi na watu wa kila namna bila kuwafungulia nyumba yake. Akipita mlango wa kuchongwa, huingia tekani, ambako njia hupinda ili jicho la mpita njia lisifike ndani hata mlango ukiwa wazi. Baada ya hapo ni kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa. Kutoka kiwanda, vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini (yaani wa chini), msana wa yuu (yaani wa juu), kisha chumba kiitwacho ndani, na sakafu huinuka kidogo kadiri mtu anavyosonga. Mwanga nao hupungua hatua kwa hatua. Mapambo, kinyume chake, huongezeka, hata mtu anayefika ukuta wa ndani hukuta zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu ndani ya lipu ya chokaa iliyochongwa, ambamo ziliwekwa sahani na vyombo vya kaure.

Mpangilio huo unajibu maswali kadhaa kwa mara moja. Unamwambia mgeni amefika wapi bila mtu kumwambia asiendelee. Unawalinda wa ndani bila kuwafungia gizani. Unahifadhi ubaridi katika vyumba vilivyo mbali na ua. Na unaufanya uzuri uwe malipo ya ukaribu, kwa maana aliye jamaa ndiye anayeona zidaka, na wa njiani huona mlango tu. Linganisha na nyumba nyingi tunazojenga sasa, ambamo mlango wa mbele unafunguka moja kwa moja katikati ya sebule, na anayesimama kizingitini huona meza ya chakula, mlango wa jikoni na, kwa bahati mbaya inayojirudia mno, mlango wa choo. Akina mama wamelitatua tatizo hilo kwa miaka mingi kwa kutundika pazia kwenye upenyo wa korido. Pazia hilo lastahili heshima, kwa kuwa linafanya kazi ileile ya tekani: linakata mstari wa jicho na kuacha hewa ipite. Anayechora ramani ya nyumba mpya angeweza kupata matokeo bora zaidi kwa kuusogeza mlango mmoja nusu mita, au kuweka ukuta mfupi mbele ya mlango wa kuingilia, kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Zidaka zinatufikisha kwenye mkazo, yaani mahali jicho linapotua kwanza. Katika sebule ya leo mahali hapo pana wagombea wengi: televisheni, kabati la vyombo vya kioo, picha za harusi, saa ya ukutani, kalenda, maua ya plastiki, cheti cha mtoto aliyehitimu. Kila kimoja kina haki yake ya kuwepo, na simshauri mtu yeyote aondoe picha ya marehemu baba yake kwa sababu ya kanuni ya usanifu. Tatizo ni kutawanyika kwa vitu hivyo katika kuta nne, hata kila ukuta ukawa unaita. Fundi wa zidaka alikuwa na vitu vingi kuliko sisi, lakini alivikusanya vyote katika ukuta mmoja, akavipa mistari ya pamoja, na kuziacha kuta nyingine nyeupe. Picha zilizokusanywa ukuta mmoja, zikiwa na nafasi inayolingana kati yake, huonekana kuwa kitu kimoja kikubwa chenye hadhi, na kuta zilizobaki hupumzika. Ukuta mtupu katika chumba kilichojaa watu na vitu una kazi ya kufanya, kwani ndio unaouwezesha ukuta wa picha kuonekana.

Mdundo hauhitaji maneno mengi. Tazama juu katika chumba chochote cha mawe: boriti zimepangwa kwa nafasi zinazokaribiana, na jicho huzihesabu bila kuambiwa. Tazama chini: mkeka umeshonwa kwa ukili baada ya ukili, na rangi hurudi kila baada ya mistari kadhaa. Vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa juu ya makochi hufanya kazi hiyohiyo, kwa kuwa umbo lilelile likirudi kochi baada ya kochi huunganisha samani ambazo pengine zilinunuliwa miaka tofauti. Mdundo huvunjika pale vinavyorudi vinapokaribia kufanana bila kufanana, kwa mfano madirisha matatu ya ukuta mmoja yenye vimo vinavyotofautiana kwa inchi mbili. Tofauti iwe kubwa ya kutosha kuonekana kuwa ya makusudi, au isiwepo kabisa.

Jikoni kanuni hizi hujaribiwa kwa ukali kuliko mahali pengine, kwa sababu makosa ya jiko hulipwa kwa mgongo wa mpishi. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky wa Austria alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato cha kawaida mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa dogo, upana usiofika mita 2 na urefu wa mita 3.4 hivi, lakini kila kitu ndani yake kiliwekwa kwa kufuata hatua na mikono ya anayefanya kazi: wapi anakatia, wapi anaoshea, wapi anapikia, na ageuke mara ngapi kati ya sehemu hizo. Majiko ya namna hiyo yapatayo 10,000 yalijengwa, na kabati zinazofuatana ukutani tunazoziona katika nyumba za kisasa ni wajukuu wa wazo hilo.

Nathamini kazi yake, lakini lazima tuone alichokifanya hasa. Aliuchunguza upishi wa watu aliowakusudia, ndipo akachora. Sisi huchukua mchoro uliotokana na upishi wa wengine na kuuweka katika nyumba ambamo nazi inakunwa kwa mbuzi ya kukalia, maharage yanachemka kwa muda wa saa mbili juu ya jiko la mkaa, na mchele unapepetwa kwa ungo unaohitaji mikono iliyonyooshwa. Matokeo yake yanajulikana: jiko zuri la marumaru hugeuka stoo ya vyombo, na upishi wenyewe huhamia uani, chini ya bati lililoegeshwa ukutani, ambako hakuna maji wala meza. Kanuni inayosema umbo lifuate kazi haitekelezwi kwa kununua kabati, bali kwa kuorodhesha kazi zinazofanyika kweli. Kwa familia inayotumia mkaa, sehemu ya kupikia yenye paa, bomba, benchi la zege na upepo wa kutolea moshi ndilo jiko kuu, nayo yafaa ichorwe kwanza.

Kuhusu mwanga na rangi, kanuni iliyo kazini ni ukinzani, yaani kuweka kinyume kando ya kinyume ili kila kimoja kimwangaze mwenziwe. Kuta za chokaa nyeupe, mlango wa mbao nyeusi, kivuli kizito ndani ya kidaka: nyumba ya mawe ilitosheka na vinyume vichache, na ilivitumia kwa kipimo, eneo kubwa likiwa jepesi na dogo likiwa zito. Sebule iliyopakwa nyekundu ukuta mmoja, kijani mwingine na zambarau wa tatu imeupoteza ukinzani kwa kuuongeza, kwa kuwa hakuna rangi iliyobaki ya kuwa msingi. Kanga inaonyesha jambo hilo vizuri: pindo linaizunguka pande zote nne na kuishikilia, mji uko katikati, na jina limepewa nafasi yake chini ya mji. Zulia dogo kuliko sakafu, linaloacha ukanda wa sakafu wazi kulizunguka, huishikilia sebule kama pindo linavyoshikilia mji wa kanga, ilhali zulia lililotandikwa ukuta hadi ukuta hulinyima jicho mpaka.

Taa moja ya rangi ya barafu katikati ya dari huvifuta vivuli vyote na kukifanya chumba kionekane bapa, haidhuru kimepambwa kwa gharama gani. Taa mbili ndogo zilizo pembeni, za mwanga wa manjano, hurudisha kina ambacho mchana hukileta dirishani. Kwa sababu hiyohiyo, rangi ya ukuta isichaguliwe dukani. Ipakwe sehemu ndogo ukutani, itazamwe asubuhi, alasiri na usiku chini ya taa ya chumba hichohicho, kwani rangi moja huwa tatu kwa siku moja. Madirisha nayo yanahitaji kufikiriwa kwa jua na kwa upepo. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, jua la asubuhi na la alasiri huingia chini na kupenya hadi ndani kupitia madirisha ya mashariki na magharibi, wakati yale ya kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi na upenu wa paa. Pwani pia ina kaskazi na kusi, na chumba chenye matundu katika kuta mbili zinazoelekeana hupata nafuu ya pepo hizo ambayo feni haiwezi kuifikia.

Umoja, unaotajwa mwisho katika kila orodha, haupatikani kwa kununua seti inayofanana. Nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zina umoja kwa sababu zilijengwa kwa vitu vichache vilivyopatikana karibu: jiwe la matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na mikoko. Sisi tunaweza kununua jipsamu, alumini, marumaru za aina kumi na karatasi za ukutani zenye picha ya matofali katika duka moja, kwa hiyo uchache hauna budi kuwa uamuzi wetu. Aina mbili za mbao, chuma cha rangi moja, vitambaa viwili au vitatu vinavyorudi kutoka chumba hadi chumba, hutosha kwa nyumba nzima. Aliyepanga, asiyeruhusiwa kugusa ukuta wala sakafu ya mwenye nyumba, bado ana mamlaka juu ya mahali pa samani, mapazia, taa na zulia, na katika hivyo vinne mizani, mkazo, ukinzani na mpangilio wa sitara vyote vinaweza kufanyiwa kazi kwa siku moja ya kuhamisha vitu, kabla hata ya kufikiria kununua.